Land Rover 109 ya petroli: kutoa pointi na kufunga moto wa elektroniki. Tuanze na distributa, moduli ifuate

Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzangu wenye Land Rover Series III ya petroli, ile injini ya lita 2.25, ambao masika yakianza gari linageuka mzigo. Asubuhi haliwaki. Likiwaka linamisi, yaani baadhi ya silinda zinakosa moto. Likishapata joto linazima katikati ya mlima. Wengi wakifika hapo huambiwa neno moja tu: toa injini hiyo, weka dizeli. Inaniuma sana kuona 109 iliyotoka Solihull imekatwa maundi za kushikia injini ili ibebe injini ya pikapu, halafu ukiuliza kilichokuwa kinasumbua unakuta ni kifaa kinachoenea kiganjani, kile kinachogawa umeme kwa kila plagi. Distributa.

Kiini nakiweka hapa juu kwa asiye na muda wa kusoma yote. Moduli ya elektroniki, kifaa kinachoshika nafasi ya pointi, inaondoa tatizo moja, nalo ni pointi (vigusanishi viwili vya ndani ya distributa vinavyofunga na kukata umeme) kulika na kupoteza uwazi wake. Shafti iliyolegea, vizito vilivyoganda, kiwambo cha vakyumu kilichotoboka, waya wa swichi uliochoka, rota mbovu, hivyo vyote moduli haivigusi. Ukiifunga juu ya distributa mbovu utakuwa umelipa pesa ili gari lile lile limisi kwa njia mpya. Ukiifunga juu ya distributa nzima, utalipenda gari lako upya.

Tukubaliane kwanza mfumo unafanyaje kazi, maana nimeona hata mafundi wazuri wanabadilisha vifaa kwa kubahatisha.

Mfumo wa pointi na koili ni wa zamani mno. Charles Kettering wa Delco, Marekani, ndiye aliyeuweka kwenye magari ya Cadillac, na Cadillac za mwaka 1912 ndizo zilizotoka na umeme kamili: starta, taa na moto wa plagi kwa pamoja. Land Rover yako ya 1975 inatumia wazo lile lile. Umeme wa betri, volti 12, unapita kwenye waya mnene ndani ya koili na kutengeneza usumaku. Muda huo pointi zimefunga. Kemu ya distributa (nundu za shafti yake) ikizisukuma zikaachana, mkondo unakatika ghafla, usumaku unaporomoka, na waya mwembamba wa ndani ya koili unatoa maelfu ya volti. Umeme huo unapita kwenye kepu (kifuniko cha distributa), rota inayozunguka chini yake inaupeleka kwa plagi iliyo zamu, na cheche inaruka. Kondensa ipo ili umeme usirukie kwenye pointi zenyewe wakati zinaachana. Kondensa ikifa, pointi zinaungua haraka na cheche ya plagi inakuwa ya njano na dhaifu.

Sasa hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 4000 kwa dakika inahitaji cheche 8000 kwa dakika, zaidi ya 130 kila sekunde. Kati ya cheche na cheche kuna milisekunde 7.5 tu. Kwenye distributa ya Lucas 45D, pointi zinatakiwa ziwe zimefunga kwa nyuzi 51 hivi kati ya kila nyuzi 90, kwa hiyo koili ina milisekunde 4 na kidogo za kujijaza. Uwazi wa pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40. Shafti yako ikicheza sehemu moja ya kumi ya milimita, hiyo ni kama robo ya uwazi wote! Silinda moja inapata moto mapema, nyingine umechelewa, na hakuna fila geji (bati la kupimia uwazi) wala fundi atakayeweza kuipanga ikakaa.

Ndiyo maana nasema tuanze na distributa.

Fungua kepu, toa rota, shika shafti kwa vidole uisukume kushoto na kulia. Kuzunguka kidogo ni sawa, huo ni mchezo wa vizito. Kucheza kwenda pembeni si sawa. Bushi inayoshika shafti imekwisha. Hapo usikimbilie kununua distributa mpya ya bei rahisi. Bodi ya Lucas ya zamani ni imara, na fundi wa kukereza anayejua kazi yake atakutengenezea bushi ya shaba nyeusi. Mpelekee na shafti yenyewe aipime, usimpe namba kwa mdomo.

Kisha rudisha rota, izungushe kwa mkono uelekeo inaozungukia, halafu iachie. Inatakiwa irudi yenyewe haraka. Ikibaki pale ulipoiacha, vizito vya chini vimeganda kwa kutu na mafuta yaliyokauka, au springi zimekatika. Vizito hivyo ndivyo vinavyotanguliza moto kadiri injini inavyoongeza mwendo. Vikiganda, gari linaongea vizuri likiwa limesimama, lakini barabarani halina nguvu, linakunywa mafuta na linachemka. Watu wengi wamebadilisha kabureta kwa ugonjwa huu.

Halafu vakyumu, kile kiwambo kinachovutwa na hewa ya injini ili kitangulize moto. Chomoa bomba lake dogo upande wa kabureta, weka mdomoni, vuta. Sahani ya ndani isogee, na ukiziba bomba kwa ulimi ibaki ilipo. Ikirudi, kiwambo kimetoboka. Hili halihitaji chombo chochote na linachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, lakini ni mafundi wachache wanaolifanya.

Kuna pia kawaya kembamba ka erthi ndani ya distributa, kanakounganisha sahani inayosogea na bodi. Kanakatika ndani ya ngozi yake huku nje kanaonekana kazima. Gari linamisi ukikanyaga na kutulia ukiachia, kwa sababu vakyumu ikivuta sahani waya unaachana. Ukikuta dalili hiyo, kabadilishe hata kama macho yanakwambia kazima.

Kuhusu rota, naomba mnisikilize vizuri. Sokoni zimejaa rota nyeusi mpya zenye ribiti katikati, ambazo plastiki yake ni hafifu. Umeme unatoboa chini ya ribiti na kuishia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Zikiwa za baridi zinafanya kazi, zikipata joto zinakufa. Kipimo chake: toa kepu, shika waya mkubwa wa koili kwa koleo yenye mpini wa mpira, usogeze karibu na bati la juu la rota, mwenzako apige starta. Rota nzima haina pa kuupeleka huo umeme, kwa hiyo hupati cheche za kufululiza. Ukiona cheche zinaruka mfululizo kwenda kwenye rota, imetoboka, itupe. Wenye magari ya Kiingereza ya zamani siku hizi wanatafuta zile rota nyekundu zisizo na ribiti, na wana haki. Kondensa nazo ni hivyo hivyo. Ya zamani inayofanya kazi ina thamani kuliko mpya usiyoijua ilikotoka.

Mwisho kabla ya moduli, umeme unaofika kwenye koili. Pima volti za betri, kisha pima kwenye chanya ya koili huku swichi imewashwa na pointi zimefunga. Kwa koili isiyo na rezista (kipunguza mkondo), zikitofautiana kwa zaidi ya volti moja, swichi au viungo vya waya vimechoka. Ukiwa huna mita, vuta waya wa muda moja kwa moja kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili. Gari likiacha kumisi, tatizo lilikuwa waya, na ulikuwa unakwenda kununua moduli bure. Angalia pia mkanda wa erthi kati ya injini na chesesi.

Sasa moduli.

Zipo za namna mbili kubwa. Ya kwanza inakaa ndani ya distributa yako: pete yenye sumaku inavaa kwenye kemu, na kisensa kidogo kinahisi kila sumaku inapopita. Pertronix ya Marekani na Accuspark ya Uingereza ni za jamii hii. Nyingine zinatumia mwali wa mwanga unaokatwa na kisahani kinachozunguka, kama Lumenition ya Uingereza, ambayo sanduku lake la umeme linakaa nje ya distributa. Ya pili ni distributa nzima mpya, kama 123ignition ya Uholanzi, ambayo vizito na springi havimo kabisa. Kutangulia kwa moto kunaamuliwa na elektroniki yenyewe. Hiyo ni nzuri mno, ila ni ghali. Kwa gari la kazi la huku kwetu mimi napendelea ile ya ndani, kwa sababu nitakayoitaja chini.

Kabla ya kuagiza, soma namba iliyogongwa ubavuni mwa distributa. Series III nyingi zina Lucas 45D, zilizotangulia 25D, na baadhi za mwishoni zilikuja na Ducellier. Kifaa cha moja hakikai kwenye nyingine. Na mwenye Series II au IIA ya mwanzo ahakikishe kwanza ni pole ipi ya betri imefungwa kwenye bodi, maana za zamani zilikuwa chanya kwenye bodi. Moduli ya hasi ukiiunganisha kwenye gari la chanya inaungua pale pale.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Chomoa betri. Toa pointi na kondensa, safisha sahani, weka moduli mahali pa pointi, vesha pete ya sumaku, acha uwazi unaotajwa kwenye karatasi ya kifaa. Waya mwekundu unakwenda chanya ya koili, mweusi hasi ya koili, kwa gari la hasi kwenye bodi. Zungusha injini kwa mkono uone kama pete haigusi kitu. Hapa ndipo shafti iliyolegea inapovunja moduli ya watu.

Waya za plagi ziwe za kaboni. Zile za shaba tupu zinatoa mtawanyo wa umeme unaoichanganya moduli. Baada ya hapo taimu upya, yaani panga wakati wa cheche kuruka, kwa taa ya taimingi, usitegemee alama za zamani, kwa sababu kisensa hakikai pale pale zilipokuwa zinafunguka pointi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na rota ya 2.25 inazunguka kinyume cha saa. Silinda namba moja ni ile ya mbele, karibu na feni.

Na tuseme ukweli kuhusu nguvu. Ukibaki na koili yako ile ile, moduli haiongezi ukubwa wa cheche kwa kiasi utakachokiona. Inachokupa ni cheche isiyobadilika: leo, mwezi ujao na mwakani ni ile ile. Kwa gari linalokaa siku nyingi bila kuwashwa, ambalo pointi zake hufanya ukungu wa kutu, hiyo peke yake ni faida kubwa.

Nawasilisha. Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mdau, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi niko na Peugeot 504 ya petroli ya babangu, na sitaiuza. Hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, sasa mtu akiniambia niitoe injini ananikosea heshima. Nilifungiwa moduli ya ndani mwaka jana. Inawaka vizuri, lakini koili inakuwa moto sana, huwezi kuishika. Fundi anasema ni kawaida. Ni kweli?

Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu, na hongera kwa kuitunza 504 ya mzee.

Koili kuwa na joto ni kawaida. Koili isiyoshikika hapana. Chomoa nyaya zote mbili ndogo, pima ukinzani kati ya chanya na hasi. Ukipata omu 3 hivi, hiyo ni koili ya volti 12 kamili, iko sawa. Ukipata 1.5, hiyo ni ya kutumia na rezista, na nina wasiwasi fundi aliitoa rezista au alivuta waya mpya kuipita. Piga hesabu: volti 12 kwa omu 3 ni ampea 4. Kwa omu 1.5 ni ampea 8, mara mbili. Koili inachemka, na moduli inabeba mzigo ambao nyingi za silinda nne hazikutengenezwa kuubeba. Badilisha koili iwe ya omu 3, chanya yake ipate volti 12 kamili, na moduli itakaa.

Jambo jingine, je, kuna anayewasha swichi ili asikilize redio injini ikiwa imezimwa? Moduli nyingi za bei ya kawaida hazijizimi. Zikiachwa na swichi imewashwa, mkondo unapita bila kukoma hadi koili na moduli zinaungua. Redio ipewe waya wake usiopita kwenye moto wa injini.

Mdau, Nakuru

Nimepima. 1.6. Na redio, ni kweli, vijana hukaa nayo kwa gari wakisikiza mpira. Asante, naenda kutafuta koili.

Fundi mstaafu, Tanga

Vijana, nimesoma yote na nimefurahi kuona mtu anaanza na bushi. Lakini nina neno. Nimefanya kazi na 109 za mashamba ya mkonge tangu zikiwa mpya. Pointi zikichoka zinakuaga: gari linaanza kumisi, unajua kesho usafishe. Ukikwama porini unachukua msasa wa kiberiti, unasugua, unapanga kwa kadi au ukucha, unafika nyumbani. Hiki kidude cha elektroniki kikifa kimekufa. Hakuna cha kusugua. Mtu yuko Handeni ndani huko, mvua inanyesha, atafanyaje?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umesema jambo la maana kuliko yote niliyoandika, na ndilo linalonifanya nichague moduli ya ndani badala ya distributa mpya nzima.

Dawa yake hii hapa. Unapofunga moduli usitupe sahani ya zamani. Tafuta sahani kamili ya pili ya 45D, ifunge pointi na kondensa nzuri, panga uwazi wake ukiwa nyumbani kwa utulivu kwenye distributa hiyo hiyo, kisha iweke kwenye kopo lisiloingia maji pamoja na rota moja ya akiba, bisibisi na fila geji. Moduli ikifa porini unafungua skrubu, unatoa sahani yenye moduli, unaweka yenye pointi, unahakiki uwazi, unarudisha waya mmoja kwenye hasi ya koili, unaondoka. Taimingi itakuwa imesogea kidogo, lakini gari litakufikisha. Mwenye distributa nzima ya kisasa hana njia hiyo, labda abebe distributa ya pili.

Koili ya omu 3 inafaa kwa pointi na kwa moduli pia. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia koili zile za nguvu kubwa zenye omu chini ya moja. Pointi haziwezi mkondo wake, na ukirudi kwenye pointi zitaungua ukiwa njiani.

Fundi mstaafu, Tanga

Marahaba. Hapo nimekubali. Ongeza na hili: chini ya rota kuna kitambaa, kitone mafuta ya injini matone mawili matatu kila ukifanya sevisi. Mafuta yanashuka yanalainisha kemu. Shafti nyingi zimekufa kwa kukosa matone hayo. Na anayebaki na pointi apake grisi kidogo mno kwenye kemu. Ikizidi inarukia kwenye pointi na gari linagoma.

Mdau, Zanzibar

Wakuu, mimi nina Volkswagen Beetle, volti 12. Imefungwa distributa ya Bosch 009 na moduli ndani yake. Inawaka vyema, ila nikikanyaga kuondoka inasita kwanza, kisha ndiyo inakwenda. Moduli ni mbovu?

Mleta uzi

Moduli yako nadhani ni nzima. 009 haina vakyumu, moto wake unatangulizwa na vizito peke yake. Ukikanyaga ghafla, injini bado ina mzunguko mdogo, vizito havijafunguka, na hakuna kinachotanguliza moto. Kwa hiyo inasita. Tatizo hili linajulikana zaidi kwa walioifunga na kabureta ya 34 PICT-3, ambayo ilitengenezwa kufanya kazi na distributa ya vakyumu. Ukipata ya vakyumu inayolingana na kabureta yako, tatizo litaondoka au litapungua sana. Kwa sasa angalia pampu ndogo ya kabureta kama inarusha mafuta mara tu unapokanyaga, na taimu kwa mzunguko wa juu: 009 huwekwa ipate nyuzi 28 hadi 32 injini ikizunguka mara 3500 kwa dakika, vizito vikiwa vimefunguka vyote. Kumbuka mpangilio wa Beetle ni 1-4-3-2 na rota yake inazunguka kwa saa, usichukue niliyoandika juu ya Land Rover.

Mdau, Dodoma

Mkuu nimejifunza mengi. Swali la mafuta: vitabu vya hizi gari viliandikwa enzi za petroli ya risasi, na nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Taimingi ya kitabu bado inafaa?

Mleta uzi

Inafaa kuanzia. 2.25 ilitoka na mgandamizo wa 7 kwa 1 au 8 kwa 1, ni injini ya chini kwa viwango vya leo, na petroli ya kituoni inaimudu. Weka kama kitabu kinavyosema kwa mgandamizo wa injini yako, kisha nenda ukajaribu mlimani ukiwa na mzigo, gia ya juu, kanyaga mafuta. Ukisikia mlio wa kugongagonga kama kokoto ndani ya kopo, moto umetangulia mno, rudisha nyuma kidogo kidogo hadi uishe. Usirudishe zaidi ya hapo kwa kudhani unaipumzisha injini. Moto uliochelewa unachoma vavu za ekzosi na kuchemsha maji. Fanya jaribio hilo baada ya kuhakikisha vizito na vakyumu vinafanya kazi, kabla yake halina maana.

Mdau, Dodoma

Yangu rota nikiizungusha hairudi. Inabaki pale pale.

Mleta uzi

Basi umepata pa kuanzia, na bado hujatumia hata shilingi. Weka alama kwenye bodi ya distributa na kwenye injini kabla ya kuichomoa, na alama nyingine rota inapoelekea. Toa sahani, loweka vizito kwa mafuta ya taa usiku mzima, visogeze kwa mkono hadi vilegee, vifute, tone la mafuta kwenye kila pini. Springi zake mbili hazifanani, moja ni nzito na nyingine nyepesi, ndivyo zilivyotengenezwa, kila moja irudi mahali pake. Ukishamaliza jaribu gari kwa pointi zako za sasa, kisha uje na majibu hapa pamoja na namba iliyogongwa kwenye bodi, tukuangalizie moduli ipi inaikaa.